Koti Lililochemshwa

Mama Kiberiti alikuwa na tabia ya kuitazama nguo kwanza, kisha aliyeivaa. Haikuwa dharau. Kazi ndiyo iliyomfanya hivyo. Tangu ujana wake alikuwa dobi wa hospitali, katika chumba kirefu nyuma ya wodi, chenye boila mbili, sakafu isiyokauka na mvuke uliofanya watu waonekane nusunusu. Mashuka yalimwambia mambo ambayo wauguzi hawakumwambia. Alijua nani ametapika, nani amelia juu ya mto, nani harudi tena kwao. Nyumbani aliendelea vilevile: mtoto akiingia mlangoni, mama alishika kola kwanza ndipo akaitikia salamu.

Kiberiti mwenyewe alikuwa kitinda mimba wake, msichana mrefu, mwembamba, mwepesi wa kuwaka. Jina hilo alibandikwa na kaka zake. Alilikataa, akapigana kwa ajili yake, mwisho akalizoea. Sasa kaka zake walikuwa wameoa na kuhamia mbali, na baba yao alikuwa marehemu. Nyumba ya vyumba viwili ilibaki na mama na binti. Hofu ambayo zamani Mama Kiberiti aliigawa kwa watu wengi, sasa yote alimmwagia mmoja.

Ndipo Kiberiti akapata kazi ya bomba.

Maji ya mji yalitoka kwenye chemchemi huko juu vilimani, yakateremka kwa bomba la chuma lililofuata mgongo wa mlima na kuvuka makorongo. Waliolikagua waliitwa watembea bomba. Wakati wa kiangazi kazi yao ilikuwa kama matembezi. Masika ndiyo yalikuwa na kazi hasa, kwa sababu udongo ukiporomoka ndipo bomba hukatika. Idara ya maji iliwapa buti, kofia ngumu na mfuko wa spana. Koti kila mtu alijitafutia.

"Mwanangu, kazi zote hukuziona, ila ya kutembea kwenye mvua?"

"Niliziona, Mama. Zenyewe ndizo hazikuniona."

Mama alicheka, kisha kicheko kikamkauka, maana alikumbuka koti la yule aliyemtangulia bintiye.

Mtu aliyeshika kazi hiyo kabla ya Kiberiti aliletwa hospitali masika yaliyopita akiwa ameshakata roho. Nguo zake zilishushwa kwa madobi ndani ya mfuko, kama kawaida. Koti lake lilikuwa nene, la sufu, lenye manyoya ndani, koti ambalo mtu yeyote angelionea wivu. Mama Kiberiti na mwenzake Mama Pacha walilishika huku na huku ili walitoe mfukoni, na bado likawaponyoka na kuanguka sakafuni kwa kishindo. Walilikamua likatoa maji, wakalikamua tena likatoa tena.

"Hili si koti," Mama Pacha alisema. "Hili ni kisima."

Muuguzi aliwaeleza kwamba yule bwana hakuanguka wala hakuwa mgonjwa. Alilowa tu, upepo ukampiga, akakaa chini apumzike. Tangu siku hiyo neno "apumzike" lilimkaa Mama Kiberiti kooni kama mwiba wa samaki.

Kwa hiyo siku yake ya mapumziko alikwenda soko la mitumba akiwa na chupa ya maji na gazeti kuukuu. Muuza makoti alikuwa mwanamume mnene aliyeitwa Kibonge. Alikuwa ameketi juu ya robota la nguo kama kuku anayeatamia.

"Karibu, mama. Koti la nani, la mzee?"

"La binti. Anashinda mlimani kwenye mvua."

"Maskini. Amemkosea nani?"

"Kaajiriwa."

Kibonge alimletea koti nene lenye manyoya, akalipapasa kama paka. Mama Kiberiti hata hakunyoosha mkono. "Hilo linakunywa maji," alisema. Akaletewa lingine jepesi, linalong'aa. Akalivuta kidogo kwenye kwapa, uzi ukalia. Akaletewa la tatu, la buluu iliyokoza, refu la kufunika makalio, lenye kofia iliyochomoza mbele kama paa la kibaraza. Zipu yake ilifunikwa na ukanda wa kitambaa, na mikono ilikazwa kwenye vifundo ili maji yasipande. Hilo alilishika kwa muda. Alitia gazeti ndani, kwenye bega, mahali ambapo mkanda wa mfuko wa spana ungekandamiza. Akafungua chupa, akamwaga, kisha akakandamiza kwa kiganja.

"Mama, unanunua au unabatiza?"

"Likiokoka, nitanunua."

Maji yalikusanyika kuwa matone ya duara, yakabingirika, yakamwangukia Kibonge kwenye ndala. Gazeti lilitoka kavu. Wakavutana bei mpaka Kibonge akaapa kwamba watoto wake watalala njaa, mama naye akaapa kwamba wa kwake wameshazoea. Alipokuwa akilifunga, Kibonge alisema, "Sasa hili usilichemshe. Maji baridi, kwa mkono, uanike kivulini. Wala pasi usilitie."

Mama Kiberiti aliitikia kwa kichwa, na moyoni akamtoa maana. Maneno hayo aliyajua. Kila muuza mitumba mwenye nguo iliyotiwa rangi upya au yenye kiraka cha gundi humwambia mteja asiiguse kwa maji ya moto. Kwake yeye, nguo inayoogopa moto ina jambo inaloficha. Tena palikuwa na jambo jingine. Kiberiti alipokuwa mdogo, sweta moja la mtumba liliingia nyumbani bila kufuliwa, likaleta upele uliozunguka nyumba nzima. Watoto walinyolewa vichwa, wakatengwa dawati la peke yao shuleni, na majirani wakawa wanapokea sufuria za kuazima kwa ncha za vidole. Tangu wakati huo hakuna mtumba uliovaliwa katika nyumba ile kabla haujapita kwenye maji yanayotokota. Hata soksi.

Akalibeba koti kazini, akalichemsha pamoja na mashuka, kwa sabuni ya unga ya kipimo cha wodi.

Lilipotoka, ndani yake palikuwa na kitu. Sokoni alikuwa ameona kwamba kila mshono umebandikwa utepe mwembamba wa rangi ya maziwa, akadhani ni gundi ya fundi mvivu. Sasa ule utepe ulikuwa umefura na kubanduka, ukajikunja kama ngozi ya kidole kilichounguzwa. "Si nilisema," aliwaza. Akajaribu kuurudisha kwa pasi, ukazidi kujikunja. Nyumbani akakaa dirishani, akaubandua wote, kidogo kidogo, kwa ukucha na kwa mkasi, mpaka mishono ikabaki safi. Kisha, kwa kuwa hakuamini mshono uliokuwa ukitegemea gundi, akaurudia kila mmoja kwa cherehani yake, kwa uzi mgumu, mara mbili, kuanzia kwenye kofia mpaka kwapani. Alifanya kazi hiyo kwa upendo na kwa jicho kali, na sindano haikupotoka hata mara moja.

Maji alikuwa ameshalimwagia sokoni. Hakuona sababu ya kuilowesha nguo aliyoipiga pasi.

Kiberiti alilivaa, akajigeuza mbele ya kioo. "Mama, nimekuwa mtu."

"Kofia uikaze. Usikae chini hata ukichoka."

"Nitakojoa nimesimama pia?"

"Mtoto mshenzi," mama alisema, akamfunga zipu mpaka kidevuni.

Kule kwenye bomba Kiberiti alipangwa pamoja na mzee aliyeitwa Babu Bomba, mtembea bomba wa siku nyingi, aliyekuwa amebakiza masika hayo tu astaafu. Alikuwa na kikohozi cha ndani, cha kukwaruza, na koti la nailoni lililochanika mgongoni na kushonwa kwa kamba ya katani. Mara ya kwanza kuliona koti la buluu alilizunguka kama mtu anayekagua ng'ombe. "Mjukuu wangu, siku ukilichoka unikumbuke," alisema. Kiberiti alilileta neno hilo nyumbani, mama akafurahi, akamtumia yule mzee salamu na kipande cha sabuni.

Mwanzoni yalikuwa manyunyu tu. Koti lilirudi na unyevu kidogo mabegani, na Kiberiti akasema ni jasho, maana njia ni ya kupanda. Mama akakubali. Jasho alilijua.

Siku mvua kubwa ilipoanza, ilianza asubuhi watu wakiwa wameshaondoka. Katika chumba cha madobi waliisikia juu ya bati hata boila haikusikika. Mama Kiberiti alikuwa akikunja mashuka, na kila aliposikia upepo alijiambia: ana koti.

Siku hiyo palikuwa na mama mgeni, aliyehamishiwa kwao kutoka jikoni. Karibu na adhuhuri alifungua boila ya pili, akatumbukiza kijiti na kuinua kitu.

"Hii nayo imekuwaje?" aliuliza.

Ulikuwa mpira wa kitanda, ule unaotandikwa chini ya shuka ili godoro lisilowe. Kila dobi siku ya kwanza hufundishwa kwamba mpira hauchemshwi. Hupanguswa tu, ukichemshwa hubanduka ngozi na kuvuja. Mama Pacha alimwendea mbio. "Umepika mpira, shoga? Huku si jikoni." Wengine wakacheka. Kwenye ncha ya kijiti ngozi ya mpira ilikuwa imefura, imechanika vipande virefu, inajikunja. Rangi ya maziwa.

Mama Kiberiti aliliacha shuka lililokuwa mkononi likadondoka. Alikwenda, akakishika kimoja cha vile vipande katikati ya vidole, kikiwa bado cha moto. Hakuhitaji kuambiwa na mtu. Vidole vyake vilikuwa vimekibandua kitu hicho hicho cha kuzuia maji dirishani, mshono baada ya mshono, na nyuma ya vidole ikafuata sindano, ikitoboa.

"Umeungua?" Mama Pacha aliuliza.

"Nimemvua mwanangu," alisema.

Hawakumwelewa, na hakukaa kueleza. Alichukua mpira mzima kutoka kwenye rafu, akaukunja chini ya kwapa, akatoka nao mchana kweupe mbele ya mlinzi. Katika ofisi ya idara ya maji alimkuta karani akila mkate.

"Waiteni watembea bomba washuke. Binti yangu amevaa koti linalovuja."

Karani alimtazama, maji yakimchuruzika sakafuni. "Mama, wote makoti yao yanavuja. Binti yako tunamsikia kila siku na koti lake. Kaa utulie. Yuko na Babu Bomba, na yule mlima anaujua kama chumbani kwake."

"Kuna simu ya kuwapata?"

"Huko juu simu hazishiki."

Mama Kiberiti hakuwa mtu wa kelele. Alikwenda mpaka mwisho wa barabara, kwenye ghala la mabomba, mahali njia ya mlimani inapotokea, akasimama chini ya upenu akiwa ameukumbatia mpira. Alijaribu kupanda. Njia ilikuwa imegeuka mto wa matope, ikamrudisha mara mbili kwa magoti. Basi akasimama. Alihesabu mishono kichwani: wa bega la kulia, wa bega la kushoto, wa kofia, wa mgongo. Kila mmoja aliukumbuka kwa uzi wake.

Mchana ulikuwa umeanza kufifia alipoona watu wakiteremka, wanaume wa kijiji cha juu, wanne, wamebeba ubao wa mlango. Juu ya mlango palilala mtu. Kilichoonekana kwanza ni rangi: buluu iliyokoza, kofia imechomoza kama paa la kibaraza.

 Aliukaza mpira kifuani.

Nyuma ya wale wanaume, akiwa na nailoni iliyochanika na mifuko miwili ya spana begani, alikuja Kiberiti akitembea kwa miguu yake.

Mama Kiberiti alisema, "Ahsante, Mungu." Aliyasema kwa sauti, watu wakasikia. Alimkimbilia, akamzungushia ule mpira, akamshika uso, masikio, shingo. Baadaye kabisa, mwanae alipokuwa ameanza kutetemeka vizuri mikononi mwake, ndipo macho yake yalipokwenda kwenye ubao, akaona ndevu nyeupe ndani ya kofia ya koti alilolinunua.

Usiku huo hakumwuliza kitu. Asubuhi, juu ya chai, Kiberiti alieleza mwenyewe, macho kwenye kikombe.

"Kikohozi kilimbana kule juu. Nikamwambia, Babu, tubadilishane. Akakataa. Nikamkasirikia mpaka akavaa. Njiani akasema, mjukuu, mabega yanalowa. Nikamwambia ni jasho hilo, koti hili kachagua mama yangu, haliwezi kuvuja. Nikamwambia hivyo, Mama. Baadaye akaacha kulalamika. Akataka kukaa apumzike. Nikamwacha penye jiwe, nikakimbia kutafuta watu. Mimi nilikuwa nakimbia ndiyo maana sikuganda."

 Mama aliuona uso wa mwanae ulivyokuwa, akamwongezea chai, habari ya utepe akaibakiza moyoni.

Babu Bomba alifia wodini kabla ya wiki kwisha, kifua kimejaa. Mashuka yake yalishuka kwenye mfuko. Mama Kiberiti aliyafua peke yake, na Mama Pacha, aliyekuwa ameshaelewa, alikaa mbali, akamwachia nafasi.

Siku chache baada ya maziko mke wa Babu Bomba alikuja nyumbani. Alikuwa mama mfupi, wa maneno machache, mwenye mwavuli wa mwanamume. Alikaribishwa kwenye kiti, akapewa chai, akasema pole zimetosha. Kisha akatoa kifurushi, akakiweka mezani. Koti lilikuwa ndani, limefuliwa, limekunjwa pembe kwa pembe.

"Nguo ya watu hurudishwa," alisema. "Nimelifua kwa maji baridi, sikujua linataka vipi. Nilitaka nikushukuru, mama mwenzangu. Mume wangu miaka yote kavaa matambara mlima ule. Siku yake ya mwisho mtoto wako kamvika kitu kizuri. Linanipa usingizi hilo, nikijua alikuwa amefunikwa."

Kiberiti alikuwa amesimama mlangoni. Alikuja, akaligusa koti kwa kiganja. Siku iliyofuata alikuwa anarudi kwenye bomba. Idara haikuwa na mtu mwingine. "Nitalivaa, bibi," alisema. "Nikiwa nalo nitamkumbuka."

Akaanza kulikunjua.

Mama Kiberiti angeweza kusema limepasuka. Angeweza kulificha usiku ule na kudai limeibwa kwenye kamba ya nguo, akanunua lingine, na yule mjane akaendelea kupata usingizi. Yote hayo yalimpitia kichwani kwa muda mfupi wa kunyoosha mkono. Alilichukua koti kutoka kwa mwanae, akalitandaza mezani, akaweka sahani nyeupe ndani, chini ya bega. Kisha akachukua jagi la maji na kumwaga.

Mwanzoni maji yalikaa juu. Akaweka kiganja, akakandamiza, pale ambapo mkanda wa mfuko hukaa. Akainua koti. Maji yalikuwa kwenye sahani, na pembeni yake tone jingine likatoka kwenye tundu la sindano, likanenepa, likadondoka.

"Nililichemsha," alisema. "Muuzaji alinikataza. Nikabandua utepe wa ndani, nikashona juu yake. Matundu haya ni yangu yote."

Mjane alitazama sahani. "Siku ile lilikuwa hivi?"

"Lilikuwa hivi."

"Na wewe ulijua?"

"Nilijua adhuhuri. Walikuwa juu tayari."

"Alisema analowa?" Hilo alimwuliza Kiberiti, na Kiberiti akajiuma mdomo, na jibu likawa hilo.

Mjane aliinuka, akatafuta mwavuli wake ukutani ingawa ulikuwa mkononi mwake. Mlangoni alisimama. Mama Kiberiti alisubiri atukanwe, tena alitamani. "Chai yako sijaimaliza," mjane alisema, akatoka, akaiacha.

 Kiberiti aliketi kwenye kiti kile kile kilichoachwa. "Nilimwambia ni jasho," alisema baadaye, kwa sauti ndogo.

"Mimi ndiye niliyekwambia koti ni zuri."

"Lakini yeye nilimwambia mimi."

 Mama alijaribu kumshika bega, bega likasogea.

Kesho yake alfajiri kwenye msumari palitundikwa koti jingine, la mpira mtupu, zito, la kijani mbovu, linalonuka robota na jasho la mtu asiyejulikana. Kibonge alikuwa amelitoa jioni bila kuapa wala kutania, baada ya kusikia yaliyotokea. Halikufuliwa. Halikuchemshwa. Kiberiti alilivaa bila kioo, akajifunga zipu mwenyewe mpaka kidevuni, akasema, "Haya, Mama," akaenda.

Mama Kiberiti alibaki kibarazani akiyatazama yale mabega mpaka kona ikayameza. Mvua ilikuwa imeanza. Aliingia ndani, akachukua kikombe cha mjane, kikiwa bado na chai ya jana imetanda utando juu, akasimama nacho karibu na beseni, asiweze kukiosha.